Akina Livingstone Si Ukoo Mmoja

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuambiwa Livingstone alikuwa nani. Ujiji pana kumbukumbu yake, Bagamoyo upo mnara wa kanisa la wamisionari ulipolazwa mwili wake Februari 1874, Malawi ipo Livingstonia, Zambia upo mji mzima, na jimbo la Mtera huko Dodoma limepata kuwakilishwa bungeni na Livingstone Lusinde. Tumelizoea jina hili hata hatuliulizi limetoka wapi. Nilikwenda Uskoti kulifuata jina lenyewe: lilianzia wapi, lilihama kwa njia gani, na lilimfikiaje mtoto wa kiwandani aliyezaliwa Blantyre, karibu na Glasgow, tarehe 19 Machi 1813. Nilichokiona huko kimenithibitishia jambo ambalo ninataka kulitetea hapa. Hata katika nchi inayojivunia koo zake kama Uskoti, jina la ukoo halipiti kwa damu peke yake. Hupita kwa ardhi, kwa mamlaka ya mwenye ardhi, kwa kalamu ya karani na kwa maji ya ubatizo, na katika habari ya jina hili njia hizo zimekuwa na nguvu kuliko damu.

Ukitoka Edinburgh kwa treni kuelekea magharibi, unafika Livingston kabla hujatulia vizuri kwenye kiti. Mji unaouona ni mpya. Serikali iliutangaza mwaka 1962 ili kuwapunguzia watu wa Glasgow msongamano wa nyumba, na leo umejaa barabara pana, mizunguko ya magari, maduka makubwa na maghala. Pembeni yake, karibu na mto Almond, kimebaki kijiji cha zamani na kanisa lake la mawe, na hapo ndipo jina lilipozaliwa. Katika karne ya 12, wakati wa utawala wa mfalme David I, mtu aliyeitwa Leving alimiliki ardhi hii. Mwanawe Thurstan anaonekana katika hati za wakati ule akiwapa watawa wa Holyrood kanisa la hapo. Makazi yakaitwa kwa jina la Leving, na baadaye watu walioshika ardhi hiyo wakaitwa kwa jina la makazi. Angalia mpangilio huo: mtu akaipa ardhi jina, kisha ardhi ikawapa watu jina. Tangu mwanzo, kuitwa Livingston kulimaanisha kwamba wewe ni wa mahali fulani, na mahali hapo pangeweza kuhama mikono kwa ndoa, kwa kuuzwa au kwa kunyang'anywa. Mzizi wa damu kwa Leving ulikuwa mmoja tu kati ya njia za kulipata jina hilo.

Kutoka hapo nilikwenda Falkirk, kwenye jumba la Callendar, ambalo sasa ni makumbusho. Uso wake ni mrefu kupita kiasi, umepambwa kwa minara ya mtindo wa Kifaransa, na katika bustani yake mtu anaweza kuona handaki la ukuta wa Antonine ambao Warumi walianza kuujenga katika karne ya 2. Akina Livingston walifika hapa katika karne ya 14. Mfalme alimnyang'anya mwenye Callendar mali yake, akampa Sir William Livingston, na Sir William akamwoa binti wa yule aliyenyang'anywa. Kwa mkono mmoja walipewa hati, kwa mkono wa pili wakaoa urithi, na hivyo ndivyo nyumba kubwa nyingi za Uskoti zilivyokua. Karne iliyofuata, Sir Alexander Livingston wa Callendar alimshika mkononi mfalme James II aliyekuwa bado mtoto, akatawala kwa jina lake. Mfalme alipokua aliwageukia, na mwanzoni mwa mwaka 1450 baadhi ya jamaa zake Sir Alexander waliuawa kwa amri ya dola. Nyumba haikufa. Mwaka 1600 mkuu wake alipewa cheo cha Earl wa Linlithgow, na mwaka 1641 tawi lake likapata cheo cha Earl wa Callendar. Mwisho wao ulikuja kwa siasa: Earl wa mwisho aliunga mkono uasi wa mwaka 1715 wa kuwarudisha wafalme wa nyumba ya Stuart, akashindwa, akakimbilia ng'ambo, na mwaka 1716 vyeo na mashamba vikataifishwa. Mwaka 1783 jumba likanunuliwa na William Forbes, mfanyabiashara wa shaba. Leo picha na samani za Forbes zinachukua nafasi kubwa kuliko za akina Livingston waliokaa pale karibu miaka 400.

Wengi wanaoandika historia ya jina hili husimama hapo Callendar, wakachora mti wa nasaba, wakaning'iniza kila Livingstone wa dunia kwenye matawi yake. Ninaelewa kwa nini. Nyumba ya wakuu huacha karatasi: hati za ardhi, mihuri, wosia, mikataba ya ndoa. Mkulima hakuacha kitu. Lakini wingi wa karatasi unathibitisha kwamba mtu alikuwa na mali. Hauthibitishi kwamba alikuwa na wazao wengi. Na tukitazama upande wa kaskazini-magharibi, kwenye visiwa vya Kigaeli, tunakuta akina Livingstone tele ambao wazee wao hawakuwahi kukaa Callendar wala Livingston, na ambao mababu zao hawakuitwa hivyo kabisa.

Kabla sijavuka kwenda visiwani, inafaa kulifuata tawi moja la jina lililotoka kusini, kwa kuwa ndilo lililokwenda mbali zaidi kabla ya David Livingstone mwenyewe. Ancrum ni kijiji kidogo cha mpakani mwa Uskoti na Uingereza, chenye uwanja wa majani katikati na nyumba za mawe kuuzunguka. Katika karne ya 17 mchungaji wake alikuwa John Livingstone, mtu aliyejihesabu kuwa wa uzao wa mabwana wa Callendar. Aliwahi kuhubiri Ireland ya kaskazini, ambako Waskoti wengi walikuwa wamehamishiwa kwenye ardhi iliyochukuliwa kwa Waairishi. Mwaka 1636 yeye na wenzake walipanda meli iliyoitwa Eagle Wing kwenda Amerika kutafuta uhuru wa ibada. Dhoruba ya Atlantiki iliwarudisha. Mwaka 1663 alifukuzwa Uskoti kwa kukataa amri za mfalme juu ya kanisa, akahamia Rotterdam, akafia uhamishoni. Mwanawe Robert, aliyezaliwa Ancrum mwaka 1654, alikulia kwa Waholanzi na kukishika Kiholanzi vizuri, na lugha hiyo ilimfungulia mlango pale alipovuka kwenda Amerika mwaka 1673. Alikwenda Albany, mji wa Waholanzi uliokuwa umeingia mikononi mwa Waingereza, mahali ambapo mtu wa lugha mbili alikuwa na thamani kama dhahabu. Mwaka 1679 alimwoa Alida Schuyler, mjane wa nyumba ya Van Rensselaer, na mwaka 1686 gavana akamthibitishia shamba kando ya mto Hudson ambalo hatimaye lilihesabiwa kuwa ekari 160,000. Vipande viwili alivyonunua kwa wenyeji vilikuwa vidogo na havikupakana. Maandishi ya hati ndiyo yaliyovitanua na kuviunganisha.

Yaliyofuata yamo katika historia ya Marekani. Mjukuu wa Robert, Philip Livingston, alitia sahihi Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Ndugu yake Philip, William, alikuwa gavana wa New Jersey na mmoja wa waliotia sahihi katiba ya 1787. Kitukuu, Robert R. Livingston, alimwapisha George Washington mwaka 1789 na akawa miongoni mwa waliojadiliana na Ufaransa kuhusu ununuzi wa Louisiana mwaka 1803. Lakini mali hiyo ilikuwa na mizizi mingine ambayo haifai kufichwa, hasa na mwandishi wa upande wetu wa bahari. Mwaka 1690 Robert wa kwanza aliweka fedha katika meli iliyoitwa Margriet, iliyokwenda Madagaska kununua watumwa, na kizazi kilichomfuata kikashiriki safari zaidi za namna hiyo. Miaka takriban 180 kabla ya David Livingstone kuandika juu ya unyama wa wauza watumwa huko Nyangwe, Kongo, watu wa jina lake walikuwa wanapata faida kwa biashara ya binadamu waliotolewa katika bahari yetu hii ya Hindi. Atakayesema kwamba jina Livingstone ni jina la wakombozi anachagua ukurasa mmoja wa kitabu. Atakayesema ni jina la wauza watumwa naye amechagua ukurasa wake. Jina halikubeba tabia kutoka Ancrum kwenda Albany, wala kutoka Blantyre kwenda Ujiji.

Tawi hilo la Marekani linatupa pia ushahidi wa kwanza ulio wazi kwamba jina linaweza kukaa bila damu kabisa. Ndugu yake Robert R., Edward Livingston, alikuwa mwanasheria aliyeandika sheria za Louisiana, na sheria zake za jinai zilitafsiriwa na kuigwa Guatemala. Kwa heshima yake mji wa pwani ya Karibi ukaitwa Livingston. Wakazi wake wanaojulikana zaidi ni Wagarifuna, watu wenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa visiwa vya Karibi, wenye lugha yao na ngoma zao. Maelfu ya watu wa Guatemala wanasema wao ni wa Livingston, na ni kweli kabisa, kama ilivyokuwa kweli kwa watu wa mto Almond katika karne ya 12.

Sasa visiwani. Lismore ni kisiwa chembamba cha mawe ya chokaa katika Loch Linnhe, kina urefu wa kilomita 16 hivi, na kivuko cha Oban kinakifikia kwa muda mfupi. Wakazi wake hawafiki 200. Majani yake yana kijani kikali kuliko ya milima iliyo ng'ambo, kwa sababu ya chokaa, na ng'ombe wake ni wanene. Hapa alifika Mtakatifu Moluag, mmisionari wa Kiairishi aliyefariki mwaka 592, na hapa palikuwa kiti cha maaskofu wa Argyll. Kitu kinachounganisha kisiwa hiki na jina tunalolifuata ni fimbo. Inaitwa Bachuil Mòr, fimbo kuu, na inasemwa kuwa ya Moluag mwenyewe. Anayetarajia dhahabu atashangaa. Ni kijiti cha mti cheusi, hakifiki mita moja, kimepinda kidogo upande wa juu, kimelainika kwa mikono ya karne nyingi. Ukikisogelea unaona vitundu vya misumari na vipande vilivyosalia vya shaba iliyopakwa dhahabu, kwa hiyo zamani kilivikwa. Walinzi wake wa kurithi wamekaa katika shamba dogo linaloitwa Bachuil, na walilishika shamba kwa sababu ya kuishika fimbo.

Hao walinzi leo wanaitwa Livingstone. Lakini hati ya mwaka 1544, ambayo kwayo mrithi wa Earl wa Argyll alithibitisha haki yao, inamtaja mlinzi wa wakati ule kwa namna ambayo mtu yeyote wa pwani yetu ataielewa mara moja: John mwana wa Molmore mwana wa Kevir. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Nyanda za Juu. Mtu alijulikana kwa baba na babu, na juu ya hayo alikuwa na jina la jamii yake pana, ambalo kwa watu hawa lilikuwa Mac an Lèigh, likaandikwa na makarani MacLeay au MacLea. Livingstone halimo. Liliingia baadaye, na maelezo yanayotajwa sana ni kwamba katika karne ya 17 bwana mmoja wa kusini, James Livingston wa Skirling, alikodi mashamba ya uaskofu yaliyokuwa Lismore, na wapangaji wa hapo wakalishika jina la bwana wao. Hata asiyeyakubali maelezo hayo hawezi kukataa kwamba majina yote mawili yaliendelea kutumika kwa watu walewale: nyumbani na kwa Kigaeli wao ni akina MacLeay, na mbele ya karani, mwenye shamba na jeshi ni akina Livingstone. Mwaka 2003 ofisi ya Lord Lyon, yenye mamlaka juu ya nembo na koo za Uskoti, ilimtambua mlinzi wa fimbo kuwa mkuu wa ukoo wa MacLea. Jina lake la kila siku likabaki Livingstone.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, na ni zito. Mkataa kwao mtumwa. Je, watu hawa hawakukana asili yao kwa kuvaa jina la Kiingereza la bwana wa kusini? Je, habari hii si sehemu ya kuzimwa kwa Kigaeli, lugha iliyodharauliwa shuleni na makanisani? Ninakubali kwamba shinikizo lilikuwepo na lilikuwa kali. Uskoti ilifikia hata kulipiga jina marufuku: mwaka 1603 jina MacGregor lilikatazwa kwa sheria, anayelitumia akawa hatarini kuuawa, na watu wake wakajiita Campbell, Murray au Drummond ili waishi. Marufuku hiyo haikufutwa kabisa hadi 1774. Kwa hiyo sitasema kwamba kubadili jina kulikuwa jambo la hiari tu. Lakini mlinzi wa Bachuil alibadili jina na hakubadili kazi. Fimbo ilibaki, shamba lilibaki, kumbukumbu ya nasaba ilibaki. Waliolinda urithi wao hawakuulinda kwa jina. Waliulinda kwa kitu, kwa mahali na kwa kusimuliana. Anayewahukumu kwa jina walilojiandikisha anawahukumu kwa kipimo ambacho wao wenyewe hawakukitumia.

Na ukali wa nyakati ulilifanya jina la kuazima liwe la kweli kwa njia nyingine. Katika vita vya Culloden, Aprili 1746, watu hawa wa Lismore na jirani zake walipigana upande wa nyumba ya Stuart katika kikosi cha Stewart wa Appin, na kumbukumbu za kikosi zinawataja kwa majina yote mawili. Bendera ya Appin iliokolewa uwanjani na Donald Livingstone, na ipo mpaka leo katika makumbusho ya taifa. Mabwana wa Callendar walikuwa wamepoteza vyeo vyao kwa ajili ya nyumba hiyohiyo ya Stuart miaka 30 kabla. Basi mtu asiyejua angeliona jambo hilo kuwa ushahidi wa damu moja, ukoo mmoja wenye utii mmoja. Kumbe wa kaskazini walifuata mkuu wao wa jirani, Stewart wa Appin, na hawakuwa na lolote la kufuata kutoka Falkirk.

David Livingstone alitoka huku. Mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha 1857 kwamba baba wa babu yake aliuawa Culloden, na kwamba babu yake aliweza kusimulia habari za vizazi sita vilivyomtangulia, waliokaa kisiwa cha Ulva. Nilivuka kwenda Ulva kutoka kisiwa cha Mull. Mkondo ni mwembamba, mashua ni ndogo, na namna ya kumwita mwenye mashua ni kusogeza kibao kilicho ukutani ili rangi nyekundu iliyo nyuma yake ionekane ng'ambo. Kisiwa hakina magari. Njia ya miguu inapita msituni, kisha inafunguka kwenye miteremko ambako kuta za mawe zisizo na paa zinaonekana katikati ya majani, na baadhi ya magofu hayo yanaonyeshwa kuwa ya shamba la akina Livingstone. Mwaka 1837 Ulva ilikuwa na watu 600 hivi. Wengi walitegemea mwani, ambao hapa ulichomwa, na majivu yake yakauzwa kwa viwanda vya sabuni na kioo. Ulipoisha utajiri wa vita vya Napoleon na magadi ya kutoka nje yakaingia kwa bei ya chini, wapangaji hawakuwa na cha kulipia kodi. Francis William Clark, aliyekinunua kisiwa mwaka 1835, aliwafurusha ili aweke kondoo. Kufikia mwaka 2018, jumuiya ya eneo hilo ilipokinunua kisiwa kwa msaada wa fedha za umma, wakazi walikuwa hawafiki 10. Ni aibu ya taifa zima, na kuinunua upya ardhi ile ni tendo la haki lililochelewa sana.

Lakini babu yake David hakungoja kufurushwa. Aliondoka mwaka 1792, kwa sababu kipande chake cha ardhi hakikutosha kulisha watoto, akashuka Blantyre kwenye kiwanda cha kusokota pamba kilichofunguliwa na David Dale na James Monteith mwaka 1785. Huu ndio uhamaji mkubwa wa Waskoti ambao hausimuliwi vya kutosha: kabla ya Kanada na Australia, wengi walihama kwanza ndani ya nchi yao, kutoka lugha moja hadi nyingine, kutoka msimu wa kilimo hadi kengele ya kiwanda. Jengo la Shuttle Row lingalipo Blantyre juu ya mto Clyde na makumbusho yake yalifunguliwa upya mwaka 2021. Familia 24 zilikaa humo. Akina Livingstone walikuwa na chumba kimoja, mita tatu kwa nne na ushee, na humo walikula, wakalala, wakaomba na kusoma. David aliingia kiwandani akiwa na miaka 10, kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, na baadaye alisoma akiwa ameegemeza kitabu kwenye mashine. Baba yake aliandika jina bila herufi ya mwisho, Livingston, na David naye aliandika hivyo hadi katikati ya miaka ya 1850, ndipo ikarudishwa ile herufi. Mtu aliyelifanya jina lijulikane duniani alikuwa ameliandika kwa namna nyingine zaidi ya nusu ya maisha yake. Uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo Uskoti ulianza mwaka 1855 tu, na kabla yake tahajia ilikuwa shauri la mchungaji na karani. Watafutaji wa nasaba wanaogawanya koo kwa herufi hiyo moja wanajenga nyumba juu ya mchanga.

Pingamizi la pili ni la kisasa. Wapo watakaosema kwamba mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwa kuwa kipimo cha vinasaba kinaweza kuamua. Kipimo cha kromosomu inayopita kutoka kwa baba hadi mwana kina thamani kubwa. Kinaweza kuonyesha kwamba wanaume wawili wenye jina hili, mmoja wa New York na mmoja wa Argyll, hawana babu wa karibu wa upande wa baba. Lakini hilo likionekana, litakuwa limeithibitisha hoja yangu, wala halijaivunja, kwa kuwa jina lililoshikwa na wapangaji wengi kwa mkupuo linapaswa kuwa na mistari mingi isiyohusiana. Zaidi ya hapo, kipimo kinafuata mstari mmoja tu wa baba kati ya mamia ya mababu, na hakiwezi kusema babu huyo aliitwa nani wala alipewa jina na nani. Maswali hayo yanajibiwa na hati za kodi ya ardhi, vitabu vya kanisa, orodha za vikosi na simulizi za watu kama babu wa Ulva.

Limebaki pingamizi ambalo ndilo linalotugusa sisi. Mtu anaweza kusema: haya, akina MacLeay walikuwa angalau Waskoti, walio chini ya sheria moja na akina Livingston, lakini Livingstone wa Dodoma, wa Kampala au wa Blantyre ya Malawi, mji ulioanzishwa na wamisionari mwaka 1876 na kupewa jina la kijiji alikozaliwa David Livingstone, hao wamo vipi katika historia ya jina la Kiskoti? Wamo kwa njia ileile waliyoingilia watu wa Lismore. Mwenye nguvu alikuja na daftari lake. Watu wakalichukua jina kwa heshima, kwa manufaa, kwa imani au kwa kukosa njia. Kisha wakalifanya lao. Tofauti ni kwamba kwetu liliingia hasa kama jina la kwanza, mlangoni mwa kanisa, na anayelipewa hubaki na jina la baba au babu yake, kama Lusinde. Wakati mwingine hata hilo la pili liliondolewa. Jacob Wainwright, aliyekuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, alikofia, hadi pwani na ndiye aliyeusindikiza hadi Westminster Abbey Aprili 1874, alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Jina lake la pili ni la Kiingereza tupu. Orodha ya akina Wainwright isiyokuwa naye ina kasoro, kama ilivyo orodha ya akina Livingstone inayokoma Callendar.

Wenzake wawili waliomtumikia Livingstone muda mrefu zaidi, James Chuma na Abdullah Susi, waliletwa Uingereza mwaka huohuo kwa gharama ya James Young, rafiki wa Livingstone, wakamsaidia mhariri Horace Waller kuzisoma shajara za mwisho za Livingstone ambazo bila wao sehemu zake zisingeeleweka. Kama kuna watu waliostahili kulirithi jina kwa kazi, ni hao. Hawakulichukua. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882 akiwa Chuma. Susi alibatizwa Zanzibar mwaka 1886, na katika majina yote ya marehemu akachagua lile alilopewa utotoni Blantyre, David. Kwa desturi ya pwani, mwana wa Susi aliyezaliwa baada ya hapo angeitwa fulani wa David, na jina Livingstone lisingesikika nyumbani mwake.